Milango ya Bagamoyo na wazee wasiotaka kuitoa

Mazungumzo kuhusu makumbusho hapa Bagamoyo hukwama palepale. Wanaotaka yakue husema vitu vingi vya maana vimefungiwa majumbani, na wenye navyo hawataki kuvitoa. Wazee hao huitwa wabinafsi, au huambiwa hawajui thamani ya walicho nacho. Naona wanaonewa.

Wanaowalaumu wana hoja nzito, tena. Mlango wa nakshi kwenye nyumba isiyokaliwa huliwa na mchwa na upepo wa chumvi. Mwenye nyumba akifa, dalali hubisha hodi kabla ya arobaini. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940, lakini sheria hailali mlangoni. Makumbusho yana kufuli na rejista, na kitu kikipotea yupo mtu wa kuulizwa.

Sasa nenda Kaole, kwenye magofu ya mji wa kale karibu na Bagamoyo. Tazama nguzo za makaburi: utaona vishimo vya mviringo, upana wa bakuli, vimechimbwa kwenye chokaa. Humo yalikaa mabakuli ya kauri kutoka China, waliyoyapachika watu kuwapamba maiti wao. Leo mabakuli yameondolewa, yamebaki mashimo matupu. Mabakuli yangeachwa pale huenda yangeibwa, sikatai. Lakini aliyezaliwa jirani na mashimo hayo ana haki ya kuuliza, kitu kikishatoka, kitarudi lini na kwa idhini ya nani? Ni swali la haki kabisa, na jibu analopewa kwa kawaida ni kwamba anapinga maendeleo.

Kuna na jambo la mirathi, ambalo wakusanyaji hulipita haraka mno. Mlango alioacha babu ni wa warithi wote, wa hapa, wa Dar es Salaam, na wa Muscat pia kama wapo. Kama nyumba ni wakfu, ndiyo kabisa hautoleki. Mzee anayekataa kutia saini mara nyingi anakataa kugawa kisicho chake peke yake.

Halafu vingine bado vina kazi. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliletwa Bagamoyo akiwa mtoto, mtumwa kutoka Manyema. Akasoma, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa tarika ya Kadiria aliyefuatwa na watu wa pwani nzima hadi alipofariki mwaka 1931. Mgeni huondoka hapa akijua minyororo, misafara ya pembe, na mwili wa Livingstone uliopitia misheni mwaka 1874. Habari ya Sheikh Ramiya ni ya mji wenyewe na haijaisha, maana dhikri na maulidi bado yanasomwa. Chetezo kinachotumika humo kikiingia kwenye kabati la kioo hakifukizi ubani tena.

Kwangu, njia ni kuazima. Hati iandikwe kwa Kiswahili, warithi wote watajwe, muda uwekwe, na kitu kiruhusiwe kutoka siku ya maulidi au harusi kisha kirudi. Jina la ukoo liandikwe kwenye maelezo yake. Mlango ubaki kwenye nyumba yake, na fedha zilizotengwa kuununua zimlipe fundi wa kuutibu mchwa. Makumbusho yatakayokubali masharti hayo yaanze na nyumba moja tu mjini, wazee wengine waone kama kilichoazimwa kimerudi.