Ratiba ya kengele na ratiba ya maji

Nilipomwambia mama kwamba nimepata nafasi ya kusomea ualimu wa elimu ya viungo, hakujibu mara moja. Alinisogezea mkate wa mofa, akamimina chai, kisha akauliza: "Na ile digrii ya kuteza ulonayo, haitoshi?"

Kwa Kiamu, Kiswahili chetu cha Lamu, kucheza ni kuteza. Jirani yetu naye, aliposikia kwamba baada ya digrii nakwenda kusoma stashahada, alinihurumia kabisa. Umeshafika darini, mwanangu, wateremkia nini dakani?

Siwalaumu. Jina lenyewe, stashahada ya uzamili, halijisaidii. Lakini digrii yangu ya kwanza ilikuwa ya sayansi ya mazoezi na michezo, si ya ualimu, na Tume ya Utumishi wa Walimu ya Kenya, TSC, haisajili mtu ambaye hakusomea kufundisha. Hata uwe umeihifadhi misuli yote ya mguu kwa majina, bila usajili huna ruhusa ya kusimama darasani. Kwa hiyo nikarudi shule: saikolojia ya elimu, mitaala, mbinu za kufundisha, falsafa (hiyo niliisinzia, Mungu anisamehe), kisha muhula mzima wa mazoezi ya kufundisha, ambao niliomba nije kuufanya hapa hapa kisiwani Lamu.

Nasema bila kusitasita kwamba kozi hii ina maana, na nitatoa mfano mmoja tu. Huku kwetu mtoto wa kiume hufunzwa kuogelea kwa kusukumwa kutoka gatini. Akitapatapa akafika ngazini, amejua. Hivyo ndivyo kaka yangu alivyojifunza, na hivyo hivyo ndivyo binamu yangu alivyoyachukia maji mpaka leo, ana watoto watatu na hata kwenye boti ya kwenda Mokowe, ng'ambo ya bara, hukaa katikati, macho chini. Kozi ilinifundisha kumtazama mtoto mwenye hofu. Hofu humfanya ainue kichwa ili aone mbele. Kichwa kikipanda, nyonga huzama. Nyonga zikizama, anaamini kweli kwamba bahari inamvuta. Basi huanzi na mikono wala miguu. Unaanza na uso: maji yafike kiunoni tu, ashike ubavu wa mashua iliyotiwa nanga, apulize mapovu, acheke. Siku ya pili masikio. Siku ya tatu alale chali huku kiganja chako kiko chini ya mgongo wake, na unakiondoa bila kumwambia. Kuogelea najua tangu utotoni; kuondoa kiganja kwa wakati wake nilikwenda kukusomea.

Sasa lalamiko langu. Kozi yote imeandikwa kwa ajili ya shule yenye uwanja wa nyasi, njia ya kukimbilia ya mita 400 na stoo ya vifaa. Mhadhiri aliyekuja kunitathmini (chuo sikitaji, na yeye alikuwa mtu mwema) alinikuta na darasa ufukweni upande wa Shela. Mistari nimeichora kwa kisigino, na mahali pa koni nimepanga vifuu vya nazi. Watoto wakakimbia kwa kupokezana vijiti, wakahema, wakasahihishana namna ya kupokea kijiti bila kugeuka nyuma. Yeye akavua viatu, akakung'uta mchanga, akaandika. Baadaye nilisoma: hakuna eneo la kufundishia lililopimwa, vifaa havifai. Alama zikakatwa.

Kilichonikera si alama. Ni kwamba hakuna mahali kwenye fomu ile pa kuandika kwa nini nilichagua ufukwe siku ile na saa ile. Mvuvi yeyote angeelewa. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya huku hupwa asubuhi kwenye saa nne. Mchanga unakuwa mpana, umeloa, mgumu, na mtoto hukimbia bila kuzama kisiginoni. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi, na baada ya wiki moja mambo yamegeuka: ni maji mafu, bahari hujaa na kupwa kidogo tu, saa nne ile ile imejaa, na mkondo wa maji kati yetu na kisiwa cha Manda umelegea. Hapo ndipo pa kufundishia kuogelea. Siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi jioni, lakini saa hiyo watoto wako chuoni wanasoma Kurani, na mkondo wenyewe si wa kuchezea.

Yaani wiki ya riadha, wiki ya kuogelea, imeshapangwa. Ratiba ya kengele ndiyo haijui. Nayo kengele ina wezi wake: Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, sisi twawapa kipindi cha dakika 40, na mitihani ikikaribia mwalimu wa hisabati anakuja mlangoni na tabasamu, "Mwalimu, nikopeshe." Hajawahi kunilipa hata kimoja.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu, na mmoja kati ya mikondo mitatu ya masomo ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Vizuri. Ila mkondo huo ukifika Lamu ukiwa na koni na nyasi peke yake, wanangu wataonekana hawana vifaa, na huku wamezungukwa na maji pande zote.

Na nikisema wanangu, wasichana nawaweka mbele. Wavulana angalau wana gati. Msichana wa huku anaweza kupanda mashua miaka yote ya uhai wake asijue kujiokoa hatua kumi kutoka ufukweni. Nimeambiwa ni dini. Nilipokwenda kwa kina mama nyumba kwa nyumba, hakuna aliyenitajia dini kwanza. Waliuliza nani atakuwepo, watavaa nini, nani ataona. Nikajibu: ni mimi mwanamke, suruali na gauni la mikono mirefu la kitambaa chepesi kisichonywa maji, na pale nyuma ya mikoko ambapo hakuna njia. Kumi na mmoja wakaleta mabinti zao.

Mwalimu mkuu amenikubalia kubadilisha vipindi muhula huu, kwa majaribio. Nimechora ratiba kwa kalamu mbili, nyekundu bamvua, buluu maji mafu, nikaibandika ukutani nyumbani. Jana mama aliitazama muda mrefu, mikono nyuma.

"Maji mafu ni lini?"

"Jumatano."

"Na hao watoto wako wa kuteza, nguo zao atazilinda nani?"