Mbuzi, "Mambo Yetu" na Kiingereza cha Darasani

Mdogo wangu anasoma stashahada ya sheria katika chuo kimoja hapa Dodoma. Mwaka jana alifanya fildi, yaani mazoezi ya kazi, kwenye mahakama ya mwanzo moja nje kidogo ya mji, na siku moja jioni akaniletea daftari lake la fildi nilipitishie macho kabla hajalikabidhi kwa msimamizi. Kwenye ukurasa wa tatu kulikuwa na kesi ya wizi wa mbuzi. Mshtakiwa aliposomewa shtaka alijibu hivi, kwa maneno ambayo mdogo wangu aliyakumbuka vizuri: "Ni kweli mbuzi nilimchukua, ila mimi na yule bwana tuna mambo yetu."

Daftari hujazwa kwa Kiingereza, ndivyo chuo kinavyotaka. Basi yeye aliandika sentensi moja fupi kwa Kiingereza safi kabisa, kwamba mshtakiwa amekiri kumchukua mbuzi. Nikamuuliza, na yale mambo yao yamekwenda wapi?

"Kaka, sikupata Kiingereza chake."

Tulicheka, kisha nikamfungulia kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu. Kinasema mtu hawajibiki kwa kosa linalohusu mali kama alichofanya alikifanya akiamini kwa dhati kwamba ana haki juu ya mali ile, bila nia ya kulaghai. "Mambo yetu" yanaweza kuwa deni. Yanaweza kuwa mahari iliyobaki nusu, au mbuzi jike aliyekabidhiwa mtu kumtunza akazaa, na watoto wa mbuzi huyo hakuna anayekubali ni wa nani. Yanaweza pia kuwa porojo tupu za mtu aliyeshikwa na kidhibiti mkononi. Huwezi kujua mpaka umuulize, na hutamuuliza kama maneno yenyewe hayapo kwenye karatasi. Bahati nzuri hakimu alikuwa akiandika kwa Kiswahili, kama mahakama za mwanzo zilivyofanya miaka yote, akaandika jibu zima na kulihesabu kuwa mshtakiwa amekana. Kwa hiyo daftari la mdogo wangu halikumfunga mtu.

Lakini mpaka juzijuzi, ukipanda ngazi moja tu hadi mahakama ya wilaya, hakimu alifanya kazi ileile aliyoifanya mdogo wangu: anasikiliza kwa Kiswahili, mkono unaandika Kiingereza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka kukiri kwa mshtakiwa kuandikwe kwa maneno yaliyo karibu kabisa na aliyoyatamka mwenyewe. Sijui ni "mambo yetu" mangapi yalipotea njiani kwenye safari hiyo fupi kutoka sikioni hadi kwenye kalamu.

Swali linalobishaniwa kila ninapokaa na wanafunzi wa sheria wa mji huu ni kama masomo ya haki jinai yahamie Kiswahili au yabaki yalipo. Mimi naegemea Kiswahili, nalisema mapema ili msomaji ajue anasoma maandishi ya nani. Ila nimebishana na watu wenye akili kunizidi, na hoja zao zimenifanya niegemee kwa tahadhari kuliko nilivyokuwa miaka mitano iliyopita.

Kwa anayeishi Dodoma ubishi huu una kichekesho chake. Bunge liko hapahapa, na wabunge wanajadili kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi muswada wenyewe uliletwa kwa Kiingereza, ukajadiliwa kwa Kiswahili, ukapitishwa ukiwa Kiingereza, ukapelekwa darasani ukafundishwa kwa Kiingereza, halafu ukamshukia mtu wa kijiji cha Mpwayungu anayeulizwa kwa Kiswahili kama ni kweli au si kweli. Mwaka 2021 mambo yaligeuka. Tarehe 1 Februari, Siku ya Sheria, hapa Dodoma, Rais Magufuli alitangaza kumpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani, akimsifu kwa kuandika uamuzi kwa Kiswahili. Mwezi huohuo Bunge likapitisha Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali: lugha ya sheria ni Kiswahili, lugha ya mahakama ni Kiswahili, na Kiingereza kinaruhusiwa pale ambapo maslahi ya haki yanadai hivyo.

Vyuoni, lakini, mihadhara bado ni kimombo, mitihani ni kimombo, madesa, yaani nukuu za masomo wanazopeana wanafunzi, ni kimombo. Pita jioni kwenye vimbweta, zile meza na viti vya nje wanapojisomea, wakati wa mitihani utawasikia. Wanaelekezana kwa Kiswahili, tena kwa ufasaha, mmoja anamfafanulia mwenzake tofauti ya mtuhumiwa na mshtakiwa mpaka inaeleweka. Kisha kila mmoja anainamia karatasi na kukariri aya za Kiingereza, kwa sababu kesho anayesahihisha hatauliza kama umeelewa kwenye kimbweta. Asiyeweza kukariri anapata sapu, yaani mtihani wa marudio, na sapu zikizidi anadisko, yaani anaondolewa chuoni, bumu la mkopo linakatika, anarudi kwao na begi.

Kichekesho kikubwa zaidi ni mahakama ya mfano. Wanafunzi wanavaa suti, wengine za kuazima, na vumbi la Agosti la mji huu halina heshima kwa suti nyeusi. Mmoja anakuwa hakimu, mwingine wakili wa serikali, na mmoja anapewa nafasi ya shahidi, tuseme mfugaji aliyeamshwa usiku na mbwa akaona watu zizini. Mfugaji huyo anatoa ushahidi wake wote kwa Kiingereza! Anahojiwa na upande wa utetezi kwa Kiingereza, na akikwama wenzake wanamcheka kwa kukosea sarufi. Nimehudhuria mashindano hayo mara mbili. Ustadi mkubwa wa wakili wa jinai ni kumsikiliza shahidi anapozunguka, kujua lini "nilimwona" ina maana ya nilimtambua na lini ina maana ya niliona mtu tu, na ustadi huo sikuuona ukifanyiwa mazoezi hata mara moja.

Sasa upande wa pili. Hoja yao ya kwanza ni maktaba. Mahakama Kuu yetu ilitimiza miaka 100 mwaka 2021, na karibu kila uamuzi wa maana wa miaka hiyo umeandikwa kwa Kiingereza. Kila mwanafunzi wa jinai anaijua kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, ambayo Mahakama ya Rufani iliitumia kuonya juu ya utambuzi wa macho: shahidi alimwangalia mtu huyo kwa muda gani, akiwa umbali gani, kulikuwa na mwanga gani, na je alimfahamu kabla. Mafundisho hayo unaweza kuyasema kwa Kiswahili chepesi kwa dakika mbili, nimetoka kuyasema sasa hivi. Lakini mwanafunzi asiyeweza kuusoma uamuzi wenyewe ataishi kwa kuambiwa, na wakili anayeishi kwa kuambiwa ni hatari kwa mteja wake. Hilo silipingi.

Hoja ya pili wanaisema kwa sauti zaidi, nami naona haina nguvu kiasi hicho. Oktoba 2022 matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile anayopitia mhitimu wa sheria ili awe wakili, yalizua kelele nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, sapu 342, waliobaki 265 wakadisko. Kiingereza kikatajwa tena na tena. Wapo waliosema: mnaona, Kiingereza chao kibovu, kiongezwe kuanzia sekondari. Wapo waliosema: mnaona, tunawapima Kiingereza badala ya sheria. Matokeo yaleyale yalitumika kujengea kuta mbili zinazotazamana. Binafsi nadhani tarakimu zile haziwezi kumsaidia yeyote kati yao, kwa kuwa hazisemi nani alifeli kwa kutojua lugha na nani alifeli kwa kutojua sheria. Kuhusu soko la kazi la Afrika Mashariki, ambalo nalo hutajwa kila mara, sina la kusema zaidi ya hili: wengi wa vijana hawa ndoto yao ni ukarani wa mahakama, uhakimu, upelelezi au magereza, na kazi hizo kwa sehemu kubwa zinafanyika kwa Kiswahili.

Hoja iliyonitikisa kweli ni ya istilahi. Alinipa mwalimu mmoja wa sheria, mtu anayekipenda Kiswahili kuliko mimi. Aliniambia, "Bwana, Kiswahili cha mahakamani hakijapigwa msasa, na kisichopigwa msasa kinakata watu." Nikadhani ni zile hadithi za kwamba Kiswahili hakina maneno. Hizo nina jibu lake: Kiingereza cha sheria chenyewe kimejaa Kilatini mpaka leo, na hakuna aliyekiambia kisubiri. Yeye hakuwa na maana hiyo. Alikuwa akisema maneno yapo, tena yanatumika kila siku, na baadhi yanadanganya.

Chukua "kuua bila kukusudia". Ndivyo magazeti yanavyoandika, na ndivyo mahakama zinavyosema, kwa kosa la mauaji lililo dogo kuliko kuua kwa kukusudia. Mwanafunzi anayeanza kwa Kiswahili ataelewa ni ajali au uzembe. Lakini Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 201, inamweka kwenye kapu hilohilo mtu aliyeghadhibishwa ghafla, damu ikamchemka, akachukua panga akaua kabla hasira hazijapoa. Huyo alikusudia. Alikusudia kabisa, kwa dakika ile. Sheria inampunguzia kosa kwa sababu ya kughadhibishwa. Jina la Kiswahili linamtoa mlangoni. Wakili kijana aliyeshika jina tu anaweza kumwambia mteja wake kwamba, kwa kuwa alikiri kukusudia, utetezi wake umekwisha.

Au kile kiwango cha uthibitisho kinachonukuliwa kila siku: "pasipo kuacha shaka lolote". Sheria haidai hivyo. Inadai shaka lenye maana, shaka ambalo mtu mwenye akili timamu angelipa uzito; tetesi na dhana za mbali hazihesabiwi. Neno moja limedondoka katika tafsiri, na ukilifuata Kiswahili chake neno kwa neno hakuna mtu angetiwa hatiani duniani. Hakuna anayelifuata, kwa kuwa mahakimu wetu waliusoma msemo wenyewe wa Kiingereza na wanajua kinachokusudiwa. Mwalimu wangu akaniuliza: na kizazi kitakachosoma Kiswahili peke yake kitajulia wapi?

Sikuwa na jibu la haraka. Nililolipata baadaye ni kwamba hoja yake inaonyesha kazi inayotakiwa kufanywa, na mahali pa kuifanyia ni darasani. Neno halipigwi msasa na kamati ikae miaka kumi halafu itoe kamusi. Linapigwa msasa na wanafunzi arobaini wakibishana kama "nia ovu" ni sawa na kukusudia, mwalimu akiwa amesimama mbele na uamuzi wa Kiingereza mkononi akiwaonyesha panapovuja. Kwa hiyo ninachotetea ni kufundisha kwa Kiswahili, kusoma kesi kwa Kiingereza, na mtihani unaompa mwanafunzi dondoo ya hukumu ya Kiingereza na kumtaka aieleze kwa Kiswahili ambacho mshtakiwa angeelewa. Ni mtihani mgumu kuliko wa sasa. Wanaodhani Kiswahili ni kulegeza kamba wajaribu kuufanya.

Nikiri pia jambo ambalo sisi wa upande wa Kiswahili hatupendi kulizungumza. Kwa bibi wa Bahi aliyezaliwa akasikia Kigogo, au mzee wa Kisandawe kutoka Chemba ambaye lugha yake ina midoko, yaani sauti za kugonga ulimi mdomoni, ambayo mkalimani wa kawaida hawezi hata kuitamka, Kiswahili cha mahakamani nacho ni lugha ya serikali. Mkalimani akipatikana mara nyingi ni yeyote aliyekuwa karibu siku hiyo. Sheria inataka mshtakiwa atafsiriwe ushahidi kwa lugha anayoielewa, na sijawahi kukutana na mwanafunzi aliyefundishwa namna ya kufanya kazi na mkalimani: kwamba unauliza swali moja kwa wakati mmoja, na mkalimani akitoa sentensi fupi baada ya shahidi kuzungumza dakika tatu, unasimama na kuuliza mengine yako wapi. Hilo ndilo swali nililomuuliza mdogo wangu kuhusu mbuzi.

Aliyachukua maneno yangu kwa uzito. Kabla ya kukabidhi daftari alifuta ile sentensi, akaandika upya jibu la mshtakiwa kwa Kiingereza, na pale palipomshinda akaacha maneno mawili ya Kiswahili ndani ya alama za kunukuu, na chini yake akataja kifungu cha 9. Daftari lilirudi baada ya wiki mbili. Alama alipata nzuri. Yale "mambo yetu" yalikuwa yamezungushiwa wino mwekundu, na pembeni msimamizi ameandika: tumia Kiingereza.