Usikimbilie kuitoa ekseli ya Hilux yako

Tairi la nyuma kulia lilitaka kutuacha kwenye kilima kimoja kati ya Njombe na Ludewa, gari likiwa na viazi. Lilitoka nje kama vidole vinne, likiwa na shafti yake, likawa linakwaruza bodi. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Alilisimamisha gari akashuka mzima, na hadi leo namshukuru Mungu kwa hilo. Tangu siku ile mafundi watatu wameniambia neno lile lile: "Kaka, ng'oa hizo ekseli, weka za Land Cruiser. Hutasumbuka tena."

Nilikubali. Nikaanza hata kutafuta za mtumba. Sasa nimeghairi, na naandika kwa ajili ya wenzangu wenye Hilux za LN106, zile zilizotoka 1988 hadi 1997 zikiwa na ekseli nzima mbele na nyuma, kwa sababu najua nanyi mnashauriwa hivyo hivyo.

Mafundi wana hoja, tena nzito. Shafti ya nyuma ya Hilux hii ina kazi mbili kwa pamoja: inazungusha tairi na inabeba uzito wa gari. Beringi inayoishikilia ikifa, tairi linaweza kutoka na shafti. Kwenye Land Cruiser ya HZJ75 uzito unabebwa na habu (kitovu cha tairi) iliyokaa juu ya hausingi, yaani ganda la chuma la ekseli, kwa beringi mbili; shafti inazungusha tu. Ikikatika, unaichomoa gari likiwa limesimama kwa matairi yake yote manne. Difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa matairi, nayo ni kubwa zaidi. Na rimu ni za nati 6 kama za Hilux, zinaingia bila shida. (Mkonga, Land Cruiser ya kuanzia 1999, ana nati 5, kwa hiyo usiuziwe ekseli yake ukiambiwa ni kitu kile kile.)

Lakini kuingia kwa rimu siyo kuingia kwa ekseli. Hausingi ya Land Cruiser haina vipimo sawa na ya Hilux, kwa hiyo vikalio vya springi lazima vikatwe na kuchomelewa upya. Kikikaa upande kidogo tu, pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye difu) inaangalia pabaya na propela, ule mhimili mrefu unaotoka gia boksi, inaanza kutetemeka. Propela yenyewe itabidi ikatwe au irefushwe. Breki zinabadilika, hivyo masta silinda nayo inaingia kwenye hesabu.

Halafu kuna reshio, yaani propela inazunguka mara ngapi tairi likizunguka mara moja, na hapa ndipo watu wanapoua magari. Gari la aina hii ukiliweka foowili, matairi yote manne yakisukuma, propela ya mbele na ya nyuma zinazunguka kwa mwendo mmoja. Ukifunga difu ya 4.1 nyuma na kuacha ya 3.9 mbele, matairi yatabishana, na anayeumia ni gia boksi. Kupima ni rahisi: weka gia huru, nyanyua tairi moja la nyuma, lingine likae chini limezuiwa vizuri. Zungusha lile la juu mara 2 kamili (kwa kuwa lingine limesimama, ni sawa na matairi yote mawili kuzunguka mara moja) huku mwenzako akihesabu mizunguko ya propela. Akipata minne na kidogo, uko kwenye 4.1. Nilipouliza reshio ya ekseli nilizokuwa nauziwa, muuzaji hakuijua.

Kilichonigeuza hasa ni kitu kidogo kuliko kidole gumba. Nilimwomba fundi wa nne aifungue ekseli yote mezani kabla ya kuitupa. Akakuta kipumulio cha hausingi, kitundu cha kupitishia hewa, kimeziba kwa tope gumu kama saruji. Difu ikipata moto, hewa ya ndani hutanuka na kutafuta pa kutokea. Kipumulio kikiziba, inasukuma oili ipite kwenye sili hadi kwenye breki. Ukiingia mtoni na difu ya moto, inapoa ghafla na kuvuta maji ndani. Oili yetu ilikuwa na rangi ya maziwa. Beringi ile ilikufa kwa maji, na ekseli ya Land Cruiser yenye kipumulio kilichoziba ingekunywa maji yale yale.

Na tuseme ukweli kuhusu mzigo. Hilux hii ni gari la tani 1 hivi. Sisi tulikuwa tunapakia gunia kumi, ambazo kwa kilo 100 zingetosha kabisa, ila zilikuwa za lumbesa, zimejazwa kupita kipimo. Ekseli ngumu isingepunguza hata kiazi kimoja juu ya chasisi ile ile, klachi ile ile na injini ile ile ya miaka 30.

Anayejenga upya gari zima, mwenye fundi wa kuchomelea anayepima kabla ya kukata, na aliyepata ekseli zote mbili kutoka gari moja, huyo abadilishe, nitamuunga mkono. Mimi nimenunua beringi na sili mpya pande zote mbili, oili ya difu ya daraja la GL-5, na mpira mrefu niliouvuta kutoka kwenye kipumulio hadi juu karibu na tangi la mafuta. Mdogo wangu anaufungua kila baada ya msimu wa mvua na kuupuliza. Gunia sasa tunapima kabla ya kupakia, na mkulima mmoja ameshakasirika.