Nondo Hali Sweta Unayoivaa

Niliishika sweta kwa mabega, nikaiinua dirishani nione kama inahitaji pasi. Mwanga ukapenya chini ya ukosi: matundu manne, kila moja sawa na kichwa cha kiberiti, kana kwamba mtu ameichezea kwa sigara. Sweta yenyewe ni ya sufu tupu, rangi ya damu ya mzee, alinifumia shangazi. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimeivaa mara mbili. Nilikuwa naitunza.

Huko kutunza ndiko kulikoniponza, na sidhani niko peke yangu. Tunazo nguo za kuvaa na tunazo nguo za kuweka, na nondo hana haja kabisa na zile za kwanza.

Tuelewane kwanza ni nondo yupi. Ukimwambia fundi ujenzi kwamba una nondo nyumbani, atakuuliza za milimita ngapi. Wangu mimi ni wa milimita saba hivi, rangi ya nyasi zilizokauka. Si yule mkubwa anayejigongagonga kwenye taa usiku. Huyo wa taa mwache, hana habari na kabati lako. Nondo wa nguo anaikimbia nuru. Ukifungua kabati ghafla utamwona anakimbia kwa miguu kujificha kwenye mkunjo, kama mdaiwa aliyemwona mwenye deni.

Nilipoanza kumfuatilia, jambo lililonishangaza ni kwamba yule mwenye mabawa hali chochote. Mdomo wake haufai kwa kula. Anaishi siku chache, wiki mbili tatu hivi, kazi yake ni kujamiiana na kutaga, basi. Na anayerukaruka mpaka ukampiga kofi kwa furaha, mara nyingi ni dume. Jike hupenda kutambaa, na huku wewe unapiga makofi hewani, yeye anaweza kuwa ameshataga mayai arobaini au hamsini kwenye uzi wa sweta yako. Anayekula ni kiwavi anayetoka kwenye yai: mweupe wa maziwa, kichwa cha kahawia, mwanzoni mdogo kiasi kwamba ungemdhania kipande cha uzi.

Kiwavi huyo anaweza kumeng'enya keratini, protini ile ile ya nywele na kucha zetu, jambo ambalo wadudu wengi hawaliwezi. Ndiyo maana anakula sufu, manyoya na hata nywele za paka zilizojikusanya chini ya kitanda, lakini pamba safi haimsaidii kitu. Wapo wanaochanganya sufu na sufi. Sufi inatoka mtini na kujaza mito; sufu inatoka mgongoni mwa kondoo. Herufi moja tu, lakini kwa nondo ni tofauti ya sahani iliyojaa na sahani tupu.

Hata hivyo sufu safi peke yake ni chakula kikavu. Kiwavi anakua vizuri zaidi akipata kitoweo: jasho, mafuta ya ngozi, tone la mchuzi. Hapo nikakumbuka zile mara mbili nilizoivaa sweta. Mara zote mbili niliirudisha kabatini bila kuifua, nikijiambia saa tatu tu haziwezi kuichafua. Na matundu yalikuwa wapi? Chini ya ukosi, pale shingo inapogusa.

Nilipompigia mama kumweleza, hakusita. "Mwanangu, si utie vile vidonge vyeupe? Sisi tulitia miaka yote, na nguo zikadumu."

Kwa heshima zote, mama, hapa sikubaliani nawe. Naftalini inaua nondo pale tu mvuke wake unapojaa ndani ya kitu kilichofungwa barabara. Ukiitupa kwenye kabati lenye milango inayopitisha hewa, mvuke mwingi unautumia wewe na watoto wako. Mtoto mdogo akiviona vile vidonge anadhani ni peremende. Na wapo watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kwao naftalini inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, hata kwa kuvalishwa tu nguo zilizohifadhiwa nayo. Umoja wa Ulaya uliviondoa sokoni mwaka 2008. Mimi sihitaji sababu nyingine, ingawa ile harufu pekee ingetosha.

Halafu nguo za mama hazikuokolewa na vidonge. Nalikumbuka sanduku lake la chuma, kifuniko chake kizito kiasi kwamba mtoto hawezi kukifungua. Na kila baada ya miezi michache alikuwa anatoa kila kitu, anakung'uta, anaanika, anakunja upya kwa mikunjo tofauti. Kiwavi anataka giza na utulivu. Kwenye joto atamaliza kukua kwa miezi michache, kwenye baridi na chakula duni anaweza kujikokota hata miaka miwili. Kwa mama hakupewa nafasi hiyo. Mama alifanya kazi yote kwa mikono yake, sifa zikaenda kwa vidonge.

Mbao za mwerezi na vifuko vya lavenda? Vinanukia vizuri. Mwerezi mbichi, ndani ya kasha lililobana, unaweza kusumbua viwavi wachanga, lakini mafuta yake hukauka na waliokomaa hawajali. Mitego ya gundi yenye harufu ya jike hunasa madume tu: inakuambia kama unao, haiwamalizi.

Kazi halisi inachosha, ndiyo maana hakuna anayetaka kuisikia. Nilimwaga kabati lote kitandani. Nikapitisha mashine ya kufyonza vumbi kwenye kila ufa, kona za rafu, nyuma ya kabati na chini ya zulia lililolaliwa na kitanda, kisha vumbi nikalitupa nje siku hiyo hiyo. Kwenye ufa wa rafu ya chini nikakuta kitu kama punje ndefu ya mchele, rangi ya damu ya mzee. Nikakigeuza kwa sindano, kikasogea. Kumbe kuna aina ya kiwavi anayejishonea kifuko kwa nyuzi za kile anachokila, akatembea nacho kama konokono. Alikuwa amevaa sweta yangu. Nakiri kwamba kwa dakika moja nilimstahi.

Kila cha sufu nilikiweka kwenye mfuko wa plastiki, nikakamua hewa, nikafunga, nikatia kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Baridi hiyo inaua mayai, viwavi na wazazi wao. Ukitoa, usifungue mfuko mpaka upoteze ubaridi, la sivyo unyevu utaingia kwenye nguo. Kwa wiki hizo mbili, kila aliyefungua friza kutafuta barafu akakutana na skafu yangu alikuwa na neno la kuniambia. Maji ya moto yangeua haraka zaidi, lakini sufu ikipata maji ya moto inarudi na saizi ya mwanasesere.

Siku hizi sweta haiingii kabatini na jasho. Naifua kwa maji ya vuguvugu bila kuisokota, naikausha ikiwa imelazwa. Zisizovaliwa kwa muda zinakaa kwenye mifuko iliyofungwa kabisa, na kila mwezi nazitoa, nazipiga brashi nje mchana, hasa kwapani, kwenye mapindo na chini ya ukosi. Zinazobaki nazivaa.

Sweta nilimpelekea shangazi aizibe. Aliigeuza nje ndani, akapitisha kidole kwenye tundu kubwa kuliko yote, akaniuliza nimeivaa mara ngapi. Nikasema mbili.

"Basi nondo kaipenda kuliko wewe," akasema, akaenda kutafuta sindano.

Uzi haukufanana sana, viraka vinaonekana. Nimeivaa tangu asubuhi, na joto lote hili.