Gitaa la slaidi: nyuzi zipandishwe au ziachwe?

Mgeni akishika gitaa langu la pili, najua kitakachofuata. Anaweka vidole kwenye koda ya C, anabana, anakunja uso, analirudisha ukutani. "Hili shingo imepinda, lipeleke kwa fundi." Lilishapelekwa. Fundi ndiye aliyelifanya hivyo, tena nikamlipa. Kwenye freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo) uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko zote, uko milimita 2.5 juu ya chuma na wa sita unakaribia 3, wakati gitaa la umeme la kawaida huwa kati ya 1.5 na 2. Nyuzi zenyewe ni namba 13, yaani uzi wa kwanza una unene wa inchi 0.013. Ni gitaa la slaidi: unavaa kidoleni shingo ya chupa au kipande cha bomba la chuma, unakitelezesha juu ya nyuzi bila kuzibana.

Wapiga slaidi wamegawanyika hapo. Kuna wanaosema gitaa la kazi hii litengwe, lifungwe nyuzi nene, zipandishwe, lityuniwe wazi (nyuzi zikipigwa bila kubanwa zitoe koda kamili), lisiombwe kazi nyingine. Na kuna wanaosema huo ni mkongojo wa mtu mwenye mkono mzito: gitaa liache lilivyo, jifunze kugusa kwa wepesi. Siku hizi hawa wa pili ndio wanaoshangiliwa, na hoja wanazo. Warren Haynes, mpiga gitaa wa Marekani, amepiga slaidi maisha yake yote, kwa sehemu kubwa katika tyuni ya kawaida. Mpiga solo wa bendi ya dansi hawezi kubadilisha gitaa katikati ya wimbo ili aingize sekunde kumi za slaidi, halafu arudi kwenye koda. Na wengi wetu gitaa ni moja, lililopatikana kwa mbinde. Kumwambia mtu aligeuze liwe la kazi moja ni kama kumshauri mwenye pikipiki moja aifanye ya mashindano.

Hata historia haiwaangushi. W.C. Handy, mtunzi wa muziki wa blues, alisimulia alivyomkuta mtu kwenye stesheni ya Tutwiler, Mississippi, karibu na mwaka 1903, akipiga gitaa kwa kisu. Waliofuata katika eneo lile, Robert Johnson akiwemo, walibana kwa vidole na kuteleza kwa slaidi kwenye gitaa lile lile, wimbo ule ule. Gitaa lisilobanika lisingewafaa.

Lakini slaidi ina asili nyingine, na hiyo wabishi wetu huisahau. Hawaii, miaka ya mwisho ya karne ya 19, Joseph Kekuku alililaza gitaa mapajani na kupitisha chuma juu ya nyuzi. Katika upigaji huo nyuzi hupandishwa juu kabisa, freti zinabaki kuwa alama tu za kutazama. Sauti hiyo ikazunguka dunia na santuri. Anayependa rumba ya Kongo anaifahamu hata kama hajui jina lake: Dr. Nico Kasanda alilipiga gitaa la Kihawai, na kabla yake Zacharie Elenga, maarufu kama Jhimmy, aliitwa Mhawai. Kwa hiyo kupandisha nyuzi ni desturi ya kale ya chombo chenyewe. Sioni mkongojo hapo.

Urefu wa nyuzi, hata hivyo, ndio jambo dogo katika ubishi huu. Linalosahaulika ni mvuto, yaani jinsi uzi ulivyokazwa.

Miongoni mwa tyuni za wazi zinazotumika sana ni D na E, ambazo zina mpangilio mmoja, ila E iko juu ya D kwa toni nzima (freti mbili). Ukitoka tyuni ya kawaida kwenda D, unateremsha uzi wa kwanza, wa pili na wa sita toni nzima, na wa tatu nusu toni. Toni nzima chini ni pungufu la asilimia 11 tu katika masafa ya sauti, na hapo ndipo watu wanapojidanganya, kwa sababu mvuto wa uzi hufuata mraba wa masafa. Unapoteza karibu asilimia 21. Moja ya tano ya ukakamavu wa uzi imekwenda, na ni uzi wa kwanza, ule unaobeba sauti ya kuimba. Kwa mahesabu ya unene, uzi namba 10 ulioteremshwa hadi D unakaa kama namba 9 kwenye E. Sasa weka juu yake kipande cha shaba. Unanesa, slaidi inashuka, inagonga freti: kla! Mwenye gitaa anajilaumu kuwa mkono wake mzito. Miezi sita anafanya mazoezi ya kutibu ugonjwa ambao dawa yake ni seti moja ya nyuzi.

Namba 13 kwenye D ile ile inakaa kama namba 11.6 kwenye E. Si uzi mgumu wa kutisha, ni uzi wa kawaida kabisa ambao unakataa kunesa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mfano unaopendwa sana na upande wa pili, wa Derek Trucks, mpiga slaidi maarufu wa Marekani. "Anatumia namba 11, tena gitaa la kawaida la Gibson SG, hana maajabu." Kweli, 11. Ila yeye yuko E wazi, na E wazi haiteremshi uzi wowote. Wa kwanza, wa pili na wa sita hukaa palepale. Wa tano na wa nne hupanda toni nzima, mvuto wao ukaongezeka kwa karibu asilimia 26. Wa tatu hupanda nusu toni, asilimia 12. Kijana anayenunua namba 11 kwa sababu ya Trucks halafu akatyuni D amenunua namba bila kununua kilicho nyuma yake. Kumpata Trucks kwenye D angehitaji zaidi kidogo ya namba 12. Msitoe hoja ya nyuzi bila kutaja tyuni. Ni nusu ya habari.

Kuna na jambo la umbo. Slaidi imenyooka, ubao wa shingo umejikunja. Kwenye magitaa ya Fender ya mtindo wa zamani, yenye mkunjo wa inchi 7.25 (nusu kipenyo cha duara la mkunjo huo, kikiwa kidogo mkunjo ni mkali), nyuzi za katikati husimama juu ya zile za pembeni kwa zaidi ya milimita 1. Ili slaidi iguse zote sita lazima uzikandamize za katikati, na kama nafasi yote uliyokuwa nayo ni milimita 1.6, imekwisha. Wepesi wa mkono hauondoi mkunjo. Unaondolewa kwenye daraja, pale nyuzi zinaposhikwa kwenye mwili wa gitaa, kwa kupandisha vitandiko vinavyobeba nyuzi za pembeni mpaka nyuzi zikae karibu na usawa. Gibson, zenye inchi 12, usumbufu wake ni zaidi kidogo tu ya nusu ya huo.

Ninachowapa wapinzani bila kinyongo ni hiki: wengi wa upande wangu wanapandisha mahali pasipo. Wanakimbilia daraja, wakati makelele mengi yako freti ya kwanza hadi ya tano, karibu na kile kifupa cheupe kinachopitisha nyuzi juu ya shingo. Pale ndipo uzi ulipo chini kuliko kote. Kipande chembamba cha kadi ngumu chini ya kifupa, nusu milimita hivi, hufanya kazi kubwa kuliko kulipandisha daraja lote, na siku ukichoka unakitoa. Gitaa linabaki linabanika.

Kwa hiyo mwenye gitaa moja la umeme namwambia aanze na nyuzi, kisha kadi, na daraja liwe la mwisho. Slaidi yenyewe isimpe homa. Kati ya wapiga slaidi mashuhuri wa Marekani, Duane Allman alitumia kichupa cha vidonge vya mafua, Lowell George alitumia soketi ya kufungulia plagi ya gari, ile ile iliyojaa grisi kwenye kila gereji.

Mwenye gitaa kavu namwonya zaidi. Niliwahi kufunga namba 13 kwenye la kwangu la zamani nikalivuta hadi E wazi, kwa kuwa ndivyo nilivyosikia wakubwa wanafanya. Siku ya tatu asubuhi nilikuta daraja limebanduka kwa nyuma, kucha inapita chini yake. Ya nne likang'oka lote na kipande cha ubao. Wangeniambia tu nityuni D na kufunga kepo (kibanio cha nyuzi zote) freti ya 2, ningeipata E hiyo hiyo na gitaa lingepona. Daraja lile bado liko kwenye droo, gundi ya kiwandani imekauka chini yake kama ukoko wa wali.