Kabla Shem hajaongeza chumvi zaidi

Wakuu, tangu juzi simu yangu haipumui. Shem wangu, mdogo wake Mama Neema, kaachia sauti ndefu kwenye kundi la familia akisimulia eti nimezama ziwani huku nikiita mama. Kutoka Minneapolis huku Marekani habari ikafika Singida, kutoka Singida ikafika Moshi ukweni, na jana mama mkwe kanipigia kwa ule upole wake unaotisha: "Baba Neema, kumbe upo! Tulikuwa tunaulizana huku msiba utakuwa wapi."

Basi naweka la kwangu hapa. Sikuita mama. Nilisema "Yesu na Maria" mara moja tu, tena kwa sauti ya kawaida. Na mimi ni Mlutheri, kwa hiyo mnaelewa hali ilikuwaje.

Mnaonifuata mnajua mwaka huu nimeingia kwenye uwindaji. Karatasi zote ninazo, msianze. Kozi ya usalama wa silaha nimesoma, maana Minnesota kama umezaliwa baada ya 1979 leseni huikati bila cheti. Leseni ya wanyama wadogo nimekata. Stempu ya bata ya serikali kuu, yaani kibali cha kuwinda bata, nimelipia dola 25, ina picha ya bata mzuri ajabu, na unatakiwa kuisaini kwa wino, sahihi ipite juu ya picha yenyewe. Stempu hizo zipo tangu 1934 na karibu pesa yake yote inaenda kununua na kutunza maeneo ya ardhi oevu wanakozaliana bata. Nilimweleza Mama Neema hayo yote kwa kituo. Akaniuliza bata mzima dukani ni shilingi ngapi.

Chanzo ni mdomo wangu. Kazini niliwaambia watu kwamba kwetu uwindaji uko kwenye damu, babu yangu Singida alikuwa na gobole, akitoka alfajiri harudi bila kanga. Hiyo ni kweli tupu. Sikuongeza tu kwamba kazi yangu mimi ilikuwa kunyonyoa. Mzungu mmoja wa makamo tunayefanya naye kazi, sisi tunamwita Mzee, akafurahi kweli, akasema basi twende wote msimu huu. Ana mbwa, Labrador mweusi aliyeshaota mvi mdomoni, anayejua kazi hii kunishinda mimi na ukoo wangu.

Septemba kindi walinidhalilisha. Kule porini kwa wanyama wadogo lazima juu uvae kitu cha rangi ya chungwa au pinki inayowaka, ili wenzako wasikudhanie mnyama. Nikizunguka mti, kindi naye anazunguka, nikisimama naye anasimama, tunaangaliana na shina katikati. Kuna na kwale wa misitu ya huko: anakaa kimya kwenye majani makavu mpaka ukaribie kumkanyaga, halafu analipuka miguuni pako kwa kishindo cha mbawa. Wa kwanza aliponilipukia nilikaa chini. Sikuanguka, nilikaa. Hiyo nayo Shem anaisimulia vingine.

Sasa juzi ilikuwa zamu ya bata. Baridi ya mwisho wa Oktoba, vidimbwi vya barabarani vimeshaanza kuganda pembeni. Usiku najiandaa, nguo zangu za ndani za sufu zote ziko kwenye mashine, zimelowa chapachapa. Saa tisa za usiku nitafanyaje? Nikafungua droo ya Mama Neema nikachukua taitsi. Nene, za joto, zinavutika. Zina maua ya alizeti, makubwa, kutoka kiunoni mpaka kwenye vifundo. Nikasema moyoni, nani ataziona? Juu yake navaa lile ovaroli la mpira lenye buti zake, linafika kifuani na linashikwa na mikanda mabegani. (Wanawake mnaosoma hapa, zile nguo ni za joto kuliko mnavyotuambia. Mmetuficha miaka yote.)

Sheria inaruhusu kuanza kupiga nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Tukajificha kwenye matete, mimi, Mzee na mbwa. Shem hana leseni wala bunduki, alikuja na chupa ya chai na simu yake yenye chaji kamili. Mbele yetu bata wa plastiki wanaelea wakiwaita wenzao wa kweli. Wa kweli wakapita juu kabisa wakienda zao kusini, wala hawakutazama chini.

Halafu kikaja kitu. Cheusi, chini chini juu ya maji, mbawa haraka haraka. Nikasimama, nikafuatisha mtutu, nikapiga. Kikaanguka paa!

Shem akapiga kigelegele. Mzee akageuka akasema jambo, mimi masikio yanalia, nikachukulia ni hongera. Nikatoa risasi zote kwenye bunduki, nikaiweka chini salama (hilo nalisema mapema, nawajua), na badala ya kumwachia mbwa kazi yake nikaingia majini mwenyewe. Mtu wa kwanza wa ukoo wetu kuua bata Marekani, niletewe na mbwa?

Hatua za mwanzo, tope la kawaida. Zilizofuata, tope la magoti. Mguu wa kulia ukaingia ukakataa kutoka. Nikaweka uzito wote kwenye wa kushoto ili niuvute wa kulia, na wa kushoto ukashuka kwa utulivu, bila haraka yoyote, mpaka nikahisi tope linanifunga mapajani. Maji yako kifuani. Nikabaki wima, mikono juu.

Hapo ndipo nikainama kidogo kujaribu kujinasua. Msijaribu. Ukingo wa ovaroli ukashuka chini ya usawa wa maji, na maji ya Oktoba yakaingia kifuani, yakapita tumboni bila hodi, yakaenda mahali ambapo sitapataja, yakajaa mpaka kwenye buti. Ovaroli likawa kiriba na mimi ndani yake. Ndipo nikawataja Yesu na Maria.

Mbwa akanipita. Akaogelea karibu kabisa na sikio langu, akamchukua ndege wangu, akageuza, akanipita tena. Aliniangalia. Nimekutana na macho yale kwa mwalimu wa hesabu darasa la sita.

Na muda huohuo, kwenye ukingo, juu ya matete, ikatokea kofia. Halafu beji. Bwana nyama.

Wamarekani wa Minnesota ni watu wastaarabu kupita kiasi. Jamaa akanitazama nilivyosimama mikono juu, akasema, "Habari za asubuhi. Unaendeleaje?" Nikajibu, "Salama tu." Akasema hali ya hewa si mbaya. Nikakubali si mbaya. Akaomba kuona leseni na stempu.

Leseni na stempu zilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa ovaroli, chini ya maji.

Mzee akatupa kamba. Wakavuta, Mzee na bwana nyama kwa pamoja, na Shem anavuta kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili umeshika simu. Tope likagoma. Mzee akapaza sauti: fungua mikanda! Nikajifanya sikusikia. Akarudia. Bwana nyama naye akaunga mkono kwa adabu zote, akasema bwana, ni kwa usalama wako. Nikatazama mbingu. Nikatazama simu ya Shem. Nikafungua mkanda wa kulia, nikafungua wa kushoto, wakavuta kamba kwa nguvu, na ovaroli likabaki palepale limesimama kwenye tope wakati mimi natoka juu yake taratibu: kwanza kiuno, halafu ua la kwanza la alizeti, halafu la pili, halafu shamba zima.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo linaloniuma. Wazungu walinyamaza wakatazama pembeni, na Shem, damu ya mke wangu, akasema kwa Kiswahili, "Hizi si za dada?"

Mengine ni haraka. Ovaroli lilitolewa kwa kamba na lugha mbaya. Leseni imekunjamana lakini inasomeka, sahihi ya kwenye stempu haikufutika. Bwana nyama akakagua bunduki kuhakikisha haibebi zaidi ya risasi 3, akakagua kama marisau ni ya chuma, maana yale ya madini ya risasi yamepigwa marufuku kwa bata nchi nzima tangu 1991; bata huyaokota chini wakidhani ni vijiwe vya kusagia chakula kwenye firigisi, wakafa kwa sumu. Kila kitu safi. Akaomba kuona nilichopiga.

Mzee akamnyanyua. Mweusi, mdomo mweupe, vidole vya miguu vina vipande vya ngozi badala ya utando. Si bata. Ni yule wanayemwita kuku wa tope, ambaye sheria inakuruhusu 15 kwa siku kwa sababu hakuna anayewagombania. Kumbe ndicho Mzee alichokuwa ananiambia tangu mwanzo.

"Kuku wa tope mzuri huyo," akasema bwana nyama, akaniandikia kwenye daftari lake, akaniangalia miguu kwa mara ya mwisho na kuondoka.

Mama Neema kampika kwa nazi, kwa saa nyingi. Neema kala firigisi peke yake, akasema baba kesho ulete nyingine. Kuhusu taitsi, mwenyewe ameziangalia zilivyovutika magotini akasema nikae nazo. Video haipo, msiulize inbox. Na Shem, chupa yangu ya chai naitaka.