Mvuke au hewa: mkulima ashike jani gani?

Hapa Ngamiani, Tanga, tumbaku tunayoijua ni ya kutia kwenye tambuu na ugoro wa wazee. Shamba lake wengi wetu hatujaliona. Kijana mmoja wa mtaani aliporudi kutoka Urambo, mkoani Tabora, anakolima, akasema anatamani kuacha tumbaku ya mvuke ahamie ya hewa, baraza iligawanyika pande mbili, na nusu yetu hatukujua tunabishania nini.

Mvuke na hewa ni njia mbili za kukausha jani. Ya mvuke ni Virginia. Majani huchumwa machache machache yanavyoiva, kuanzia chini ya mche, yakatundikwa ndani ya bani, yaani jengo la kukaushia kwa moto. Joto hupita kwenye mabomba, moshi usiguse jani. Kwa muda wa wiki moja hivi jani huwa la njano na sukari yake hubaki. Sigara za mtindo wa Kiingereza hutengenezwa kwa Virginia karibu tupu. Ya hewa ni Burley: mche hukatwa mzima, ukaning'inizwa bandani wiki nne hadi nane, hata sukari ikaisha. Jani hilo hunywa ladha kama sponji, na kiwandani hutiwa sukari, kakao na vinginevyo. Mwaka 1913, R.J. Reynolds wa Marekani walipotoa Camel, walichanganya Virginia, Burley na tumbaku ya Kituruki yenye majani madogo na harufu nzuri, na mchanganyiko wa namna hiyo ukaenea duniani. (Songea wana yao ya moshi, lakini hiyo ina soko lake.)

Hoja ya kijana ni kuni, na ni hoja nzito. Bani halishibi. Miombo ya Tabora imeliwa miaka mingi kwa ajili ya jani hili, na mkulima hukesha akichochea moto, maana joto likipotea mzigo mzima huharibika. Burley haidai moto, inataka banda na subira.

Upande wa pili ni soko, na hapo mimi nasita. Malawi imeegemea Burley. Mwaka 2009 Kanada ilipopiga marufuku sehemu kubwa ya viungo vya ladha kwenye sigara, nchi zinazolima Burley, Malawi ikiwamo, zilipeleka manung'uniko Shirika la Biashara Duniani. Mkulima hakukosea kitu, wala jani lake halikuharibika. Ni sheria ya mbali iliyogusa kile kinachotiwa ndani ya jani.

Sisi wa Tanga hatuhitaji kuelezwa hilo mara mbili. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na kufikia 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Kisha zikaja kamba za plastiki. Mkonge ulibaki mgumu vilevile, ila dunia ilipata kamba nyingine, na mashamba mengi yakageuka vichaka.

Kwa hiyo naegemea Virginia. Inaingia kwenye sigara ya Kiingereza na ya mchanganyiko pia, ilhali Burley ina mlango mmoja. Lakini simwambii kijana kwamba kuni ni bure. Anayekata msituni bila kuhesabu anajidanganya juu ya faida yake, na anayetaka bani apande miti yake kwanza.

Tena kuhama si uamuzi wake peke yake. Tumbaku hulimwa kwa mkataba kupitia chama cha msingi cha ushirika, pembejeo huja kwa mkopo, na mnunuzi ndiye anayesema anataka jani gani. Akilima Burley pasipo mnunuzi, atabaki na banda lililojaa majani na deni la mbolea.

Nimemwomba jambo moja: msimu ujao aandike kila mzigo wa kuni unaoingia banini, wa kununua na wa kukata mwenyewe, pamoja na siku alizokesha. Akirudi na daftari hilo, tutaweka bei ya kila mzigo, tuitoe kwenye malipo yake ya mvuke, kisha tutazame kilichobaki kando ya bei ya Burley.